Mshikio wa upinde unakaa juu ya nini? Neno juu ya pinde za sikukuu zetu

Mu mwaka wa 2018, siku ya sikukuu ya kufunga masomo, kijana mmoja wa miaka 16 alivunjikiwa na upinde wake mbele ya wazazi wote. Tulikuwa tumekaa mu mstari wa pili, karibu kabisa. Alivuta mara ya kwanza, mshale ukaenda vizuri. Alivuta mara ya pili, watu wakapiga mikono. Mara ya tatu tulisikia mlio kama wa tawi kavu, na kipande cha juu cha upinde kikamrudia usoni. Alipasuka juu ya nyusi. Mwuguzi alimshona nyuzi tatu, na alama yake inaonekana mpaka leo.

Kidonda kilipona upesi. Maneno njo hayakupona upesi. Hata robo ya saa ilikuwa haijapita, hukumu tatu zilikuwa zimekwisha kutolewa. Mzee aliyewaonyesha vijana mti wa kukata alisema: «Ule muti walikata ku mwezi mubaya. Niliwaambia.» Kiongozi wa kikundi cha ngoma alisema kijana ana mkono mzito, anavuta kwa nguvu paka bila akili. Na nyuma yetu mama mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba upinde hauvunjikake bule, kuko mutu. Kijana alibeba hizo hukumu tatu mpaka kwao, na kwa muda mrefu hakurudi tena mu kikundi.

Tunaandika karatasi hizi kwa kusema kwamba zote tatu zilikuwa hukumu za uongo. Mti haukuwa na kosa, mkono haukuwa na kosa, na yule «mutu» hakuwako. Kulikuwa ubao mmoja umepigiliwa misumari ku ukuta wa darasa la kazi za mikono, na juu ya ubao ule mshikio wa upinde ulikaa vibaya. Msomaji atasema: eti ubao? Atuvumilie kidogo, tutafika.

Kwanza tujilaumu sisi wenyewe, wenye kuandika juu ya mila. Mambo ya upinde tunayapenda sana. Ni nani kati yetu ambaye hajasomesha habari ya Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka upande wa mashariki akafika kwa Nkongolo Mwamba, akamzaa Kalala Ilunga? Tunajua pia vile viti vya upinde vya Baluba: mwanamke amesimama, mikono ku maziwa, juu ya kichwa chake matawi matatu, na chini chuma cha kusimika mu udongo. Tunawaeleza wanafunzi kwamba havikuchongwa kwa kuegemeza upinde wa kuwindia kila siku. Vilikuwa alama za utawala, vikikaa ndani ya nyumba pamoja na mlinzi wao, na vikipewa heshima kama kitu chenye uzima. Vingine viko sasa ku Tervuren, Ubelgiji, na Mary Nooter Roberts na Allen Roberts waliviandika vizuri mu kitabu chao kikubwa cha mwaka 1996 juu ya sanaa ya Baluba na kumbukumbu.

Yote haya ni mazuri. Lakini tumesoma kurasa mingi sana juu ya kiti cha upinde, na juu ya namna upinde wenyewe unavyofundishwa kupinda hatujasoma hata ukurasa mmoja kati ya zile zinazoandikwa kwetu. Tunajua kusema upinde ni alama ya nini. Mwanafunzi akiuliza juu ya nini tawi moja limevunjika na lingine limebaki zima, tunanyamaza, alafu tunamwachia mzee aseme mambo ya mwezi.

Waamuzi wa siku ile walikuwa na ugonjwa uleule. Tuliona karatasi yao. Alama 20: kumi kwa mapambo, tano kwa mavazi ya mpiga upinde, tano kwa «uasili». Kwa kupinda sawasawa, sifuri. Kwa mshale kufika, sifuri. Na kwa neno uasili walielewa nini? Walielewa mshikio wa kuchonga: umebanwa kiunoni, una kitumbo cha kujaza kiganja, umefungwa ngozi, na juu yake kichwa cha simba. Vijana si wajinga. Wakiona alama ziko ku mshikio, wanaweka kazi yao yote ku mshikio.

Upinde wa zamani ambao tumeuona kwetu, ule unaotundikwa bado mu nyumba za wazee wachache, hauna mshikio wa namna hiyo. Ni fimbo moja, nene kidogo katikati, inayopungua pole pole kuelekea ncha mbili. Pengine wamezungusha ngozi katikati juu ya jasho la mkono, basi. Ukiuvuta unapinda wote, hata pale kidole kinaposhika. Tukitoka kwetu tukafika Ituri, Waefe, ambao ndio wawindaji wa upinde wakati jirani zao wengi wanawinda na nyavu, wao wana upinde mfupi wa kupita mu msitu, na kamba yake ni utepe wa kekele, si uzi wa kusokotwa. Mambo yanatofautiana kufuatana na pori na mnyama.

Fimbo ya namna ile inasamehe mingi. Mzee wetu yule yule, tulipomwendea nyumbani kwake baada ya sikukuu (tulimpelekea sukari kidogo, maana mtu haendi kumwuliza mzee mikono mitupu), alituonyesha namna yake. Anakaa ku kiti, anaweka katikati ya fimbo juu ya goti, anavuta ncha mbili kuelekea kifua, anaangalia, anakwangua na kisu pahali pagumu, anavuta tena. «Uta haina kiuno, Mwalimu,» alituambia. «Yote ni mugongo.» Goti ni la mviringo na laini, kama kiganja. Fimbo nayo haina kitumbo wala shimo. Inakaa juu ya goti sawasawa na vile itakavyokaa mu mkono siku ya kuwinda, na jicho la mzee linaona ukweli. Hakuhitaji kufikiri juu ya pahali pa kuegemeza katikati ya upinde, kwa sababu mwili wake ulikuwa umekwisha kujibu hilo swali.

Ile mishikio ya kuchonga vijana waliitoa wapi? Walituambia bila haya: mu filme, mu telefoni. Kwa hiyo wenzetu wengine wanasema shida ni kuiga wazungu, tuache mshikio, mambo yatakwisha. Hapa tunakataa. Mwaka 1944, ku Holmegaard, mu matope ya Denmark, wachimbaji walipata pinde za mti ambazo zina zaidi ya miaka 8000, na katikati yake zimebanwa: pahali pa kushika ni pembamba na pa nene, matawi ni mapana na bapa. Ni mshikio wa kuchonga kabisa, na hapo hakukuwa filme. Kinyume chake, ile merikebu ya kivita ya Waingereza, Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, ilitoa pinde zaidi ya 130, na hizo za wazungu hazina mshikio wa kubanwa: ni fimbo inayopungua kuelekea ncha, ndugu wa mbali wa ile ya mzee wetu. Basi tusidanganyane kwamba mshikio ni wa Ulaya na fimbo ni ya Afrika. Ni namna mbili za kutengeneza, na kila namna ina masharti yake. Kosa la vijana halikuwa kuiga mshikio. Waliiga mshikio bila masharti yake, juu ya sharti moja haionekani mu filme: inabaki ku atelieri.

Masharti yenyewe ni haya. Mshikio mnene haupindi. Upinde wa yule kijana ulikuwa wa sentimeta 150. Mshikio pamoja na mabega yake mawili, yaani pale unene unaposhuka kuelekea matawi, ulikula sentimeta 26. Zilibaki 62 kwa kila tawi, na hizo peke yake zilipaswa kufanya kazi ambayo fimbo ya mzee inaigawia urefu wake wote. Kila tawi linachoka zaidi, na kosa dogo linalipwa mara moja. Hiyo ni ya kwanza, na mafundi wote wa mbao wanaielewa upesi.

Ya pili ni ngumu zaidi, na njo tuliyojia.

Upinde haupigwi mara moja na kuwa upinde. Kwanza unachongwa kwa ukubwa, alafu inakuja kazi ya kuusawazisha: kukwangua upande wa tumbo, ule unaomwangalia mpiga upinde, kidogo kidogo, tawi hili, tawi lile, mpaka matawi mawili yapinde kwa duara moja. Upande wa mgongo hauguswi, maana nyuzi za mti zikikatwa pale, upinde unafunguka. Ili fundi aone vizuri, anaweka upinde juu ya mti uliosimama, tumbo likiangalia chini, na kamba inaning'inia. Anavuta kamba chini na kusimama mbali kidogo kuangalia. Ule mti uliosimama unafanya kazi ya mkono wa kushoto wa mpiga upinde. Ukisahau hilo umepotea: mti ule ni mkono. Unapaswa kushika upinde pale ambapo mkono utashika, na kwa namna ambayo mkono utashika.

Vijana walipiga ubao wa sentimeta 10 upana ku ukuta, juu yake bapa kama meza. Kwa fimbo ya mzee ubao ule ungefaa. Lakini mshikio wao ulikuwa na kitumbo cha kiganja, na kitumbo kile kiko upande wa tumbo, upande uleule unaokaa juu ya ubao. Upinde ulisimama juu ya kitumbo chake kama yai juu ya meza. Ulicheza kushoto na kulia, ulijiviringisha pia. Sasa kijana wa akili afanye nini? Alifanya kile ambacho kila mmoja wetu hufanya kwa meza inayocheza: alichukua kipande cha ubao chembamba, unene wa milimeta 3, akakisukuma chini ya mshikio upande wa kuume. Upinde ulitulia. Kila mtu alifurahi. Hicho kipande tulikikuta bado pale pale, kimegandamana na gundi.

Tulipeleka jambo hilo kwa mwenzetu wa fizikia, naye alilifanya zoezi ku ubao mweusi mbele ya darasa la nne. Kipande cha milimeta 3 chini ya upande mmoja wa mshikio wenye urefu wa milimeta 100 kinauinamisha upinde kwa 3 juu ya 100. Upinde wenyewe una milimeta 1500 kutoka ncha mpaka ncha. Mia mara kumi na tano, tatu mara kumi na tano: milimeta 45. Yaani ncha ya kushoto ilionekana imeshuka kuliko ya kuume kwa sentimeta nne na nusu, hata kama matawi mawili yalikuwa sawa kama mapacha. Wanafunzi walipiga kelele. Milimeta tatu, unene wa sarafu mbili!

Macho ya kijana yaliona nini basi? Yaliona tawi la kushoto limeshuka mingi. Akasema: la kushoto ni dhaifu, la kuume ni gumu. Akakwangua la kuume. Aliangalia tena: la kushoto bado linashuka. Akakwangua tena la kuume. Alikuwa mtoto mwenye bidii na uvumilivu, tunamjua mu darasa, na bidii yake yote aliitumia kuua tawi lililo zima. Mtu atauliza: hakuona kwamba upinde umeinama hata kabla ya kuvuta kamba? Aliona. Lakini mti wa porini haunyooki kamwe kama reli, kwa hiyo alifikiri ni tabia ya mti.

Hatusemi haya kwa kukisia. Vipande vya upinde vilibaki shuleni, na tulivipima na kipimo cha mafundi wa chuma. Kwa umbali uleule kutoka katikati, tawi la kushoto lilikuwa na unene wa milimeta 14, la kuume milimeta 12, na upana ni mmoja. Msomaji asidhani milimeta mbili ni kitu kidogo. Ugumu wa mti wa kupinda haufuati unene tu, unafuata unene mara unene mara unene. Mara tatu kumi na mbili, ukigawa kwa mara tatu kumi na nne, inatoa karibu 63 kwa 100. Tawi la kuume lilibakiwa na chini kidogo ya theluthi mbili za nguvu ya mwenzake. Siku ya sikukuu kijana aliligeuza tawi hilo kuwa la juu, akavuta mara tatu mpaka shavuni, na likakatika karibu na bega. Lingefanya nini kingine?

Kuna mwenzetu wa kazi za mikono ambaye anapinga. Anasema bega lilikatwa ghafula mno, mshikio unashuka kama ngazi badala ya kushuka kama kilima, na mti hukatika pale penye ngazi. Tunampa haki kwa nusu. Bega lilikuwa baya, ni kweli, na bega la kushoto lilikuwa baya vilevile, tena walilichonga siku moja na kisu kimoja. Lakini la kushoto halikuvunjika. Bega lilichagua pahali pa kuvunjika. Tawi gani litavunjika, lilichaguliwa na kile kipande cha milimeta tatu.

Juu ya mwezi tutasema maneno mawili paka. Mzee ana haki kwamba mti mbichi haufai, unapinda na kubaki umepinda. Lakini ule ulikuwa umekaushwa miezi mingi juu ya moshi wa jiko lake mwenyewe, na mahali pa kuvunjika palikuwa pakavu na peupe. Juu ya «kuko mutu» hatusemi kitu. Yule mama tunamheshimu.

Sasa, mshikio ukae juu ya nini? Hapa mafundi hawapatani, na inafaa kuwasikiliza wote kabla ya kuhukumu. Wengine wanasema: ubane mshikio kwa nguvu, kwa kamba au kwa jiliwa, usicheze hata kidogo. Faida yake ni kwamba kila tawi linapinda peke yake, unalisoma peke yake. Hasara yake ni kubwa kuliko faida: mkono wa mtu haubani namna ile. Mkono una kifundo. Kama tawi moja ni gumu kuliko lingine, ndani ya jiliwa upinde utatulia na kudanganya, alafu ndani ya mkono utageuka na kumpiga mtu kidoleni. Wengine wanasema kinyume: acha mshikio uchezee juu ya ncha nyembamba, utatafuta wenyewe mizani yake. Kwa fimbo isiyo na kiuno hiyo ni karibu na goti la mzee, na inakwenda. Kwa mshikio wenye kitumbo, upinde unajiviringisha upande, unaona tawi limejisokota, unakwangua pembeni, na kumbe halikujisokota, ulilaza upinde vibaya tu.

Sisi tunashika njia ya katikati, na si kwa kupenda amani. Mshikio upewe kitanda. Unachukua kipande cha mti mwepesi, unakichimba shimo la mviringo linalofuata kitumbo cha kiganja, unaweka ndani kipande cha mpira wa ndani wa kinga au ngozi laini. Kuta mbili za shimo zinazuia upinde usijiviringishe pembeni. Lakini kwa urefu, kuelekea ncha na ncha, kitanda kiwe kifupi, upana wa vidole vitatu hivi, na kingo zake zimeviringwa, ili upinde uweze kuinama kidogo kama unavyoinama mu mkono. Tena kitanda kisikae katikati ya upinde kwa sababu tu ni katikati. Kikae pale ambapo gamba la kiganja, kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, litasukuma. Mshale unapita juu ya mkono, si ndani yake. Kwa hiyo kamba nayo ivutwe pale mshale utakapokaa, sentimeta chache juu ya pahali pa kusukumia, na si katikati ya kamba. Mwenye kusukuma katikati na kuvuta katikati anasawazisha upinde ambao hakuna mtu atakayeupiga. Ndiyo maana pia mafundi wengi huacha tawi la chini liwe gumu kidogo: upinde ukiwa umefungwa kamba, ukipima kutoka kamba mpaka tawi karibu na bega, juu kunazidi chini kwa milimeta 3 mpaka 6.

Na kama mtu hana kitanda, hana mpira, hana muda? Basi afanye kitu kimoja ambacho hakiombi hata senti. Ageuze upinde. Ncha iliyokuwa kushoto iende kuume, avute tena kwa urefu uleule, aangalie. Kama udhaifu unamfuata tawi, tawi ni dhaifu, akwangue lile lingine. Kama udhaifu unabaki kushoto hata tawi limebadilishwa, ni pahali pa kuegemezea panasema uongo, na kisu kirudi mfukoni. Mu majuma mawili ya kazi, kati ya vijana sita na mwalimu wao, hakuna aliyegeuza upinde ule hata mara moja. Na tulikuwa tunapita pale kila siku, sisi pia, tukisifu kichwa cha simba.

Mengine tunayapita mbio, kwani mzee yeyote anayajua: usivute zaidi ya pale ulipofika kukwangua, ukishatoa kidogo, vuta na kulegeza mara thelathini hivi kabla ya kuangalia, maana mti unachelewa kusikia, usiache upinde na kamba yake usiku.

Mu mwaka wa 2019 kijana alirudi. Hatukumwita sisi, aliitwa na mzee, na tunapenda iandikwe hivyo. Mwalimu wa fizikia alikuwa amempelekea mzee vile vipande viwili na kipimo, akamwonyesha 12 na 14. Mzee alivigeuza mu mikono yake muda mrefu, akapitisha ukucha juu ya tumbo la kimoja, alafu juu ya kingine. Alafu akatuma mtoto wa jirani: «Kaniitie yule mujukuu wangu wa alama ku uso.» Kijana alipofika alisimama ku mlango, hakuingia.

«Nkambo, uliniita.»

«Ingia, ukae. Muti haikuwa na neno. Wewe pia haukuwa na neno. Utakata ingine.»

Walikata mwingine pamoja, mwezi gani hatukuuliza. Kijana alitaka bado mshikio, kwa sababu anasema mkono wake unajua pahali pake bila kutafuta, na mzee alimwacha, ingawa alinung'unika mambo ya kiuno. Mabega yalishuka kama kilima. Kitanda walikichonga mu kipande cha mti laini na kukilaza na mpira wa kinga. Tulikuwapo siku ya kusawazisha, jioni, mbele ya nyumba. Kijana alivuta, akasimama mbali, akaangalia. Tulimwona anaanza kutoa kisu, alafu akakirudisha, akaushusha upinde, akaugeuza ncha kwa ncha, akauweka tena. Mzee alikuwa anaangalia kwa jicho moja, lingine amelifumba juu ya jua.

«Sasa iko wapi?» aliuliza.

«Iko paka ku hii tawi, Nkambo. Inafuata muti.»

«Basi kwangua ile ingine. Kidogo.»

Upinde ule ulipigwa siku ya sikukuu iliyofuata, mishale kumi na miwili, na uko bado mzima, umetundikwa bila kamba mu nyumba ya mzee. Waamuzi waliupa alama 9 juu ya 20. Haukuwa na kichwa cha simba.